Nilicheka Siku Waliyonifukuza

Jumatano. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya Uluguru, milima yote haionekani, na rasharasha hii haikatiki. Moyo wangu nao uko hivyohivyo.

Leo nilikuwa Tume, wanakosikiliza migogoro ya kazi. Sikwenda kushtaki. Nilikwenda kuomba ruhusa ya kushtaki, maana nimechelewa, na aliyechelewa lazima kwanza aeleze kwa nini. Wakinikatalia, basi, yameisha. Kiwanda hakitaulizwa kamwe kwa nini kilinitoa mimi, mwenye miaka hamsini na sita na masikio mabovu, kikawabakiza mabinti niliowafundisha kazi mwenyewe.

Masikio yangu yameliwa na mashine za nyuzi. Ujana wangu wote nimesimama mbele yake. Siku hizi mtu akisema nami uso kwa uso namwelewa, nusu kwa sikio, nusu kwa midomo yake. Kwenye kundi napotea. Watu wakicheka, nami nacheka, nisionekane nimebaki nyuma.

Sasa, msimamizi wetu Masanja ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Watani. Asubuhi akinikuta ataniuliza kama sijazikwa bado, nami nitamjibu nangoja yeye aje kunichimbia kaburi. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ukimkasirikia mtani, mwenye kasoro ni wewe.

Siku waliyonitoa, alisimama katikati ya zamu, akaninyooshea kidole, akasema kitu. Wote wakacheka. Nikacheka pia, tena nikapiga na makofi! Kisha akanisogelea, akaniambia niende nyumbani nipumzike, nitaitwa.

Nikaondoka natabasamu, jamani.

Nikakaa hapa nyumbani Kilakala nasubiri simu. Simu haikulia. Aliyekuja ni Mwanaidi, tuliyekuwa tukifanya naye kazi mashine moja, na muda wa kushtaki ulikuwa umeshapita. Ndiye aliyeniambia, polepole, uso kwa uso, maneno ya Masanja ya siku ile: "Mashine mpya hazitaki bibi kizee kiziwi. Huyu leo ndio mwisho wake." Mwanaidi alilia sana. Naye alikuwa amecheka, akidhani ni utani, mpaka alipoona nafasi yangu imepewa mtu mwingine.

Hayo ndiyo niliyokwenda kueleza leo. Msuluhishi ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla ya kuanza. Nikapata matumaini kidogo. Halafu akasimama wakili wa kiwanda, akaja karibu nimsikie vizuri, akauliza: siku ile ulicheka, hukucheka?

Nilicheka.

Kama ulicheka, uliumia wapi? Nikamwambia sikusikia lililosemwa. Akamgeukia msuluhishi, akatabasamu: "Mheshimiwa, hakusikia, lakini analilalamikia."

Nilitaka kumwambia wakili yule: mwanangu, njoo ukae ndani ya kichwa hiki siku moja tu, uone watu wanavyofungua na kufunga midomo, nawe unabahatisha pa kucheka. Hayo yote nimeyapata njiani, nikirudi. Pale mbele yao nilikaa kimya kama sina akili. Nina hasira na yule wakili, lakini hasira kubwa ni kwa kinywa changu.

Tumeambiwa tusubiri uamuzi. Uso wa msuluhishi haukuonyesha chochote, na mimi nyuso nazisoma.

Tulipotoka, Masanja alikuwa barazani na watu wa kiwanda, wanajikinga mvua. Akanitazama, akasema kitu. Wakacheka. Wallahi, nilisikia mashavu yangu yanapanda yenyewe.

Nikayazuia. Nikamwendea mpaka nikaiona midomo yake sawasawa, nikamwambia, "Masanja, sikusikia. Rudia."

Akatazama viatu vyake. "Aa, utani tu, mama."

Mama! Miaka yote tuliyotaniana hajawahi kuniita hivyo. Nikasimama palepale nikingoja, mvua inaniingia shingoni. Hakurudia.

Nimefika nyumbani nimelowa, chai imepoa, sijaigusa. Sijui kama watanipa hiyo ruhusa, na moyo unaniambia hawatanipa. Ila kuna jambo moja linanitafuna tangu nimeketi hapa: kumbe kusema "rudia" ni rahisi hivi, na siku ile niliona aibu ya nini?