Doa la Kiunoni

Mwanangu,

Nimewahi kazini. Fundi wa kuhifadhi nguo anakuja saa nne kuchukua gauni lako la harusi. Pini nimezitoa zote. Usilitie kwenye mfuko wa plastiki, na nawa mikono kabla ya kuligusa. Mwonyeshe kila doa, hata la soda.

~~Lile jeusi la kiunoni asiliguse.~~

Asubuhi nilikupokonya kitambaa cha maji ulichosugulia doa la kiunoni na kukufokea kama mtoto, nawe ulitaka kusaidia tu. (Ila grisi haisuguliwi kwa maji, jamani!) Doa lile ni vidole vya marehemu baba yako. Siku ya harusi alihangaika na gari lililogoma, kisha akaja mbio kukukumbatia. Nikamgombeza mbele ya wageni: "Mzee, umemharibia mtoto!" Akatia mikono mfukoni kutwa nzima, hata kwenye picha.

Nilitaka doa libaki. Lakini grisi hula kitambaa, na yeye angekuwa wa kwanza kutaka litoke. Mwambie fundi aliondoe.

Chai iko kwenye chupa.

Baba yako sikuwahi kumwomba radhi. Nilidhani siku zipo. Wewe nakuomba leo.

Mama