Sanduku Lisilokombolewa

Jumatatu, 4 Agosti

Vumbi tupu. Nimefika shuleni viatu vimebadilika rangi. Mwalimu Salehe, mkuu wetu, kanisubiri mlangoni na saa yake ya mfukoni. Nimechelewa dakika tatu. Akaniita mpagazi mbele ya darasa la tatu zima. Eti babu zangu walitoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe za ndovu kichwani, wala hawakuchelewa hivi. Nikamjibu kwamba babu zake walikuwa wamejilaza Sadani wakisubiri kuletewa. Yeye Mzigua, mimi Mnyamwezi. Watani tangu enzi za misafara. Watoto wamecheka mpaka nikalazimika kugonga meza.

Nampenda mzee huyu. Sijapata kumwambia na sitamwambia, atavimba kichwa. Mwakani anastaafu.

Jumatano, 6 Agosti

Leo tarishi wa boma kaleta furushi la karatasi. Ni za kile chama cha wakubwa, ambacho boma linakipenda. Picha ya mzee mnene anacheka, na maneno mengi chini yake. Watu wote wakipigie kura, wasidanganywe na wale wenye haraka. Amri: kila mwanafunzi apeleke moja nyumbani.

Sisi walimu tumekatazwa siasa. Tukionekana tu kwenye mkutano wa chama cha wananchi, kazi hatuna. Lakini karatasi za chama kile kingine tugawe kama maziwa. Nimemwambia Mwalimu Salehe hii si haki. Akasema anajua. Akasema pia kwamba kabakiza mwaka mmoja apate kiinua mgongo chake. Akaniomba nigawe.

Nimegawa. Nimekasirika mpaka saa hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma.

Mwaka jana karatasi pekee iliyotoka shuleni kwenda majumbani ilikuwa ya chanjo ya ndui. Kwa hiyo leo alfajiri wazazi wameamka, wamewaogesha watoto, wamewavalisha nguo za Jumapili na kuwapeleka hospitali Kitete. Msururu mpaka barabarani. Kila mtu na karatasi yake ya mzee mnene mkononi, na mtoto kakunja mkono wa shati tayari. Wauguzi hawakuelewa. Mama mmoja kang'ang'ania kwamba picha ile ni ya daktari mpya, na hataki kuchomwa na mwingine.

Mwalimu Salehe kaitwa kwenda kuwarudisha watu. Karudi jasho linamtoka. Kaniambia watu wa kwetu tuna imani na karatasi kuliko na sheikh na padri wakiwekwa pamoja. Nimemwambia asitukane watu ambao karo zao zimemsomeshea watoto wake. Mchana muuza karanga wa sokoni alikuwa anafungia karanga zake usoni mwa yule mzee. Basi, nikadhani yamekwisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Hayajaisha. Furushi la pili.

Hizi hazina picha. Zina mistari ya kujaza. Jina la mwanafunzi. Jina la baba. Kazi ya baba. Halafu: nyumbani kwenu kuna mwenye kadi ya chama? Ni nani? Hawakuandika chama gani, kila mtu anajua ni cha wananchi. Kila karatasi ina namba, na kila namba imeandikwa mbele ya jina la mtoto kwenye orodha. Zirudi zote. Bwana Mkaguzi wa shule, yule Mzungu, atazichukua mwenyewe Jumanne ijayo.

Mume wangu Petro ni seremala wa reli. Mtu wa reli haruhusiwi kadi. Anayo. Iko ndani ya debe la mtama, imefungwa kwenye kitambaa cha kipaimara changu. Tangu aipate anapiga mluzi akiranda mbao. Nilimgombeza wiki nzima alipoileta. Wiki iliyofuata nilimshonea mfuko wa kuitia.

Ikijulikana, kazi ya Petro imekwisha. Na yangu pia nadhani.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumegawa. Mwalimu Salehe kasimama uani kuwapa watoto mwenyewe, darasa moja moja, hakumtazama mtu usoni. Nami nikasimama pale na orodha yangu nikitia alama. Naandika hivi nisije nikajidai baadaye kwamba nilikataa.

Nilitegemea wazazi watazikalia. Nilisahau kwamba wengi hawasomi, na kwamba mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kwamba karatasi ya shule hairudi tupu. Miaka mitatu nawapigia kelele hivyo. Mistari yote ijazwe. Mwandiko safi.

Monika wangu yumo darasani mwangu. Nimemwambia ya kwake aiache mezani, nitaijaza mimi kesho. Nitaandika hakuna.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Mama Maria. Nimeenda misa ya asubuhi, kwa ruhusa ya mkuu. Monika katangulia shuleni na wenzake.

Nimefika, karatasi zimeshakusanywa. Mezani nyumbani hakuna kitu. Saa ya mapumziko nikamwita Monika. Kaniambia kwa furaha kabisa kwamba kajaza mwenyewe, kwa wino, hakumwaga hata tone. Kaandika: Baba. Iko ndani ya debe la mtama.

Kaona aeleze na mahali, isije ikasemwa hakumaliza jibu.

Nikamwambia mwandiko wake mzuri. Ningemwambia nini? Ana miaka tisa, kafanya nilichomfundisha. Rafiki yake Kabula naye kamwandika babake, tarishi wa posta. Wengine wameandika wajomba, kaka, hata bibi mmoja.

Nikaenda ofisini. Karatasi zilikuwa zimo ndani ya sanduku la mbao lililoletewa chaki, limepigiliwa misumari. Mwalimu Salehe alikuwa amezisoma zote, nimeliona hilo usoni mwake. Hakuniita mpagazi.

Nilitaka kuchomoa ya Monika tu. Ya Kabula sikuifikiria hata kidogo wakati ule. Najiona vibaya. Kasema, "Zimehesabiwa, Veronika." Hajapata kuniita kwa jina miaka saba yote. Jioni kalichukua sanduku kalipeleka kwake, kwa baiskeli, liwe salama mpaka Jumanne.

Petro nimemwambia. Kasema Jumatatu ataenda mwenyewe kuripoti kwa mkubwa wake, labda wataniacha mimi na kazi yangu. Nikamwambia akithubutu namhamishia kitanda uani. Halafu nikalia kifuani pake, shati lote linanuka mbao na gundi. Kadi hajaitupa, na sikumwomba aitupe.

Jumamosi, 16 Agosti

Simu imemfikia Mwalimu Salehe kutoka pwani. Shangazi yake aliyemlea kafariki, wameshamzika. Hawezi kuwahi. Anaweka matanga hapa hapa kwake.

Masikini. Alizoea kumtaja. Alisema ndiye aliyemfundisha kusoma saa, kwa kivuli cha mnazi.

Jumapili, 17 Agosti

Wazo limenijia kanisani. Padri alikuwa anahubiri, sijui alihubiri nini. Mungu anisamehe, ingawa sidhani kama kakasirika.

Msibani kwa mtani, mtani ana haki zake. Anaingia bila hodi. Anachukua anachotaka. Mwenye msiba haruhusiwi kukasirika wala kushitaki, anachoweza ni kukomboa tu. Asipokomboa, kitu ni cha mtani. Haya hayakuanzia kwangu. Waliyapatanisha babu zetu na babu zake njiani, walipozikana.

Nimempitia Mama Kabula, Mnyamwezi mwenzangu. Nimemweleza kwa maneno machache tu. Akachukua masizi ya chungu, akajipaka uso, akanipaka na mimi. Tumevaa magunia. Mwalimu wa serikali, gunia la mtama mwilini, katikati ya barabara mchana kweupe. Kabula na Monika wametukimbilia nyuma wakishangilia, tukawafukuza wabaki nyumbani.

Uani kwa Mwalimu Salehe watu wamejaa. Waliotuona wakaanza kucheka, maana ndiyo kazi yetu, kumchekesha aliyefiwa. Mama Kabula kajitupa chini, kalia kwa sauti kwamba marehemu kafa na deni la mzigo wake wa pembe, alipwe hapa hapa. Mimi nikamvua Mwalimu Salehe kofia. Kaikomboa kwa fungu la sukari. Nikachukua bakora. Kaikomboa kwa jogoo. Nikachukua ile saa yake ya dakika tatu. Hiyo kaikomboa kwa kucheka, mara ya kwanza tangu jana, machozi yanamtoka, na Bi Zuhura mkewe akaongezea kanga.

Kisha nikaingia ndani. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Zito. Nikajitwika kichwani, nikatoka nalo mpaka katikati ya uani. Nikasimama mbele yake.

Watu waliendelea kucheka. Hawakujua. Bi Zuhura alijua, maana mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Mwalimu Salehe akalitazama sanduku. Akanitazama mimi, na masizi yangu. Ilitosha aseme neno moja tu, nalirudisha. Mwaka wake mmoja uliobaki ulikuwa kichwani pangu, nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Akatoa saa yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Akasema, "Hilo, mpagazi, sina cha kulikombolea."

Sanduku lote limeingia chini ya sufuria ya ubwabwa. Mbao kavu ya chaki inashika moto upesi. Tumekula, tumeshiba. Nimerudi nyumbani nimebeba jogoo.

Jumanne, 19 Agosti

Bwana Mkaguzi kaja na gari. Kadai sanduku. Mwalimu Salehe kasimama wima, kanzu nyeupe, kasema lilikuwa kwake, watani wamelichukua msibani, limepikiwa chakula cha waombolezaji. Kasema kweli tupu, neno kwa neno. Mzungu kamwuliza kwa nini hakuwazuia. Kasema haiwezekani, ni mila. Kamwuliza kama atazigawa upya zikiletwa nyingine.

Nilikuwa dirishani. Niliomba aseme ndiyo. Nakiri. Niliomba adanganye, atafute njia, alinde mwaka wake. Kasema hapana. Watoto kawachukua kwa wazazi wao wafundishwe kusoma na kuhesabu, hakukubaliana nao jambo lingine.

Nami nikaitwa. Ni kweli ulichukua? Kweli. Kwa nini? Kwa sababu ni Mzigua. Mzungu kaandika, kafuta, kaandika tena.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna habari. Petro bado yuko kazini. Anaranda behewa. Hapigi mluzi.

Jumatatu, 25 Agosti

Barua mbili. Yangu ya onyo. Yake ya uhamisho: Lusu, huko Nzega, shule ya madarasa mawili, akaanze kama mwalimu wa kawaida. Ukuu kavuliwa. Kiinua mgongo kitaangaliwa upya. Kuangaliwa upya najua maana yake.

Karatasi mpya hazijaja. Watu wa boma, nasikia, wamechoka kuchekwa. Tangu hospitali mpaka matanga, mji mzima unaisimulia, na kila anayesimulia anaongeza chumvi. Petro kasalimika. Babake Kabula kasalimika. Naona haya kwa furaha niliyo nayo.

Nimeenda kwake kuomba radhi. Kakasirika, kwa mara ya kwanza. Kasema mtani haombi radhi. Kasema sikumchukulia kitu, mimi nilisimama tu na sanduku, aliyetoa ni yeye, nisimpunguzie. Bi Zuhura katuletea kahawa.

Alhamisi, 28 Agosti

Wameondoka asubuhi kwa lori la Nzega. Darasa la tatu lote lilikuja stendi, sikuwapa ruhusa wala sikuwakataza. Monika kampa barua aliyoiandika mwenyewe kwa wino. Kaisoma pale pale, kamwambia mwandiko mzuri, majibu yake tu ni marefu mno. Monika hajui hata leo kilichotokea. Akikua nitamwambia.

Mpakiaji hakuwepo. Mwalimu Salehe kachukua sanduku lake la nguo, kajitwika kichwani mwenyewe, kapanda nalo.

Nilianza kulia. Kanikemea kutoka juu. "Usinililie, mpagazi. Nitukane. Nitafikaje Lusu bila tusi?"

Nikatafuta. Mimi, ambaye miaka saba sikukosa jibu hata siku moja. Sikupata. Nimesimama tu nikipunga kitenge mpaka vumbi likatua.

Nimerudi darasani, nimefundisha hesabu. Nimepika. Jogoo wake yupo uani, nimeshindwa kumchinja. Petro karudi, katia mtama kwenye kinu, nimemsikia akipiga mluzi tena, polepole.

Tusi limenijia sasa hivi, nikimenya viazi. Sanduku kichwani, anashika njia ya bara kwa vumbi, Mzigua mzima. Mpagazi sasa ni nani?

Kesho nitamwandikia. Hilo tu, bila salamu.