Nyota ya Marehemu Baba

Reuben,

"Mama Reuben, Krismasi bado mnatundika nyota ya karatasi, na dukani taa za kumetameta zimejaa?" Jirani Mwanaasha aliniuliza hivyo mwaka jana, nikacheka tu.

Ndizi nimemenya, ziko kwenye maji. Kuku wafungie mapema. Nimekwenda kupamba kanisa.

Asubuhi Leah amewasha jiko kwa nyota ya marehemu baba yako. Pembe zake nilizibandua nikazilaza ndani ya gazeti, akadhani takataka. Kuzikunja alijua baba peke yake. Mimi sijui hata nianzie wapi.

~~Mwambie mkeo asiguse vitu vyangu.~~ Usimgombeze. Alisema, "Mama, nisamehe." Nilitaka kumjibu, Mungu anajua, mdomo ukagoma. Akaweka kibiriti mezani, akajitanda khanga, akatoka.

Mama