Mke Wangu Anashiba Kantini Kabla ya Kuja Kula Chakula Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana mimi ni fundi rangi, mwanaume mzima, na yaliyonikuta yamenikuta jikoni. Mke wangu anashona kwenye kiwanda cha nguo, na tangu wambadilishie zamu anarudi jioni amechoka hoi wakati mimi nimeshaoga na kunyoosha miguu, basi siku moja nikajipiga kifua nikamwambia, "Mama, kuanzia leo jiko niachie mimi," naye akafurahi mpaka akanikumbatia, wakati ukweli ni kwamba hata kuchemsha yai nilikuwa sijui, ila nilijisemea, mtu anayechanganya rangi za nyumba nzima zikalingana atashindwaje na sufuria?

Nikaanza. Kitunguu nakikaanga mpaka kifanane na mlango uliopigwa vanishi, mchuzi ukiwa mzito nauzimua na maji, na chumvi naitia kama ninavyopaka ukuta, mkono wa kwanza, nasubiri ikolee, mkono wa pili, halafu mkono wa mwisho wa kumalizia. Mezani mimi chakula changu nakizamisha kwenye pilipili, ndiyo ulaji wangu tangu ujana, na nikimuuliza mwenzangu, "Umeona mchuzi unavyong'aa?" anajibu, "Unang'aa kweli baba, hongera," anakula vijiko viwili vitatu, anashushia na maji, anasema joto la kiwandani linamkata hamu ya kula. Nami nikavimba kichwa, mpaka nikamtambia shemeji yangu kinyozi kwamba nimezaliwa na mkono wa jikoni.

Sasa wiki iliyopita bosi wangu akanipeleka ghafla kupaka dari ya kantini ya kiwanda hicho hicho, niko juu ya jukwaa, barakoa usoni na rangi nyeupe mpaka kwenye kope, kengele ya kutoka ikalia, namwona mke wangu anaingia mbio, hana hili wala lile, anachukua sahani ya wali na maharage iliyojaa, anaila mpaka punje ya mwisho, na mpishi anamtania, "Leo vipi, nikuongezee, au mzee kapika?" naye anajibu, "Ongeza dada, kapika." Jamani! Nilishika brashi nikasahau ni ya kazi gani. Na jioni ile ile akala vijiko vyake viwili, akasema, "Kitamu, baba."

Mshauri, imeniuma. Saa ya kula ndiyo saa pekee tunayokaa sisi wawili tukaongea, na sasa kila akinisifia natazama sahani yangu kwa aibu. Jumapili hii hana kazi na kantini imefungwa, atakula nini? Nimrudishie jiko, nimwambie nilimwona, au nijifanye sijui kitu?

Ni mimi, Fundi Mikono Mitatu

Kaka fundi, pole. Nimecheka, sitakudanganya, na huyo mpishi wa kantini ningependa tufahamiane. Lakini sasa kaa vizuri nikuseme.

Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali ulipoonja chakula, sikupaona. Hebu niambie, unapika au unapaka? Naelewa ulikotoka: kazini kwako anayelamba kopo anakimbizwa hospitali, kwa hiyo mdomo umeufunga na kazi yote umewaachia macho. Chumvi ikishayeyuka haionekani, kaka yangu! Na hata mezani huijui, kwa sababu unaifunika na pilipili. Nyumba nzima anayekula ulichokipika ni mkeo peke yake, masikini.

Yeye naye ningekuwa naye hapa ningemsema, maana hizo hongera zake ndizo zilizokuponza. Ila fikiria kidogo. Mtu ameshiba mpaka shingoni, anarudi nyumbani, anakaa na wewe, anajilazimisha vijiko viwili juu ya shibe yake ili usivunjike moyo. Hiyo saa yenu unayoililia, naye anaing'ang'ania.

Kwa hiyo jiko hulirudishi, ng'o! Chupa ya pilipili ifungie kabatini. Jumapili pika wali na kabichi, basi, usitafute makubwa. Moto mdogo. Kitunguu kikilainika tu tia kabichi, huo mlango wako wa vanishi sitaki kuusikia tena. Chumvi tia kidogo, koroga, chota kwenye kijiko, puliza, onja. Bado? Ongeza kidogo, onja tena. Ukiona imekaa sawa, acha, hata kama mkono unakuwasha.

Na kabla ya kupakua, mwite jikoni, mpe stuli akae, umwambie wazi kwamba siku ile mtu wa juu ya jukwaa alikuwa wewe, kwamba hukukasirika, na kwamba unataka mle wote kweli. Atacheka, au atalia, au vyote viwili. Mpe kijiko aonje. Mteja akikuambia ukuta haujampendeza hununi, unachukua brashi, sivyo?

Basi akikunja uso akasema, "Baba, chumvi imezidi," mshukuru sana, halafu Jumatatu umtumie salamu yule mpishi wa kantini: amepoteza mteja.