Barafu Ilikuwa kwa Nani

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Salamu nyingi toka huku Salale. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako kashaanza kuvuna mpunga, nami goti linanisumbua lakini natembea.

Umeniuliza kama ni kweli wasemavyo wenzako wa chuo, kwamba maskini habadiliki kwa sababu ni mvivu. Mimi nikuambie habari ya kamba wa baharini. Wakati wa usichana wetu tulikuwa tukiwatanda kwa vyandarua tangu alfajiri, matope mpaka magotini. Mnunuzi akija na boti yake ya barafu hana haraka. Anakunywa chai mpaka jua lipande, kamba waanze kunuka, ndipo anataja bei yake.

Siku moja mama yangu akainuka, akamwambia, "Leo hatuuzi wabichi." Tukawachemsha wote kwa chumvi, tukawaanika kwenye majamvi, mnunuzi akaondoka na barafu yake tupu. Safari iliyofuata aliwahi, na chai hakuigusa.

Bidii yetu haikuwa imeongezeka hata kidogo. Kwa hiyo ukikaa kuandika hiyo kazi yako ya chuo, mama, usianze na uvivu. Anza kwa kuuliza barafu ilikuwa kwa nani.

Bibi yako,
Mwajuma