Nambari za Nyuma ya Jiko Lako

Wewoka, Oklahoma
Jumanne asubuhi

Dada yangu Oleta,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wanao. Natumai mgongo wako umepata nafuu na mahindi hayakukauka yote kwa jua hili. Mimi ni mzima, ila naandika kwa haraka, uvumilie mwandiko. Nimekupigia simu mara mbili leo. Ukisikia sauti yangu unakata. Nikianza na amri utaichana barua hii, nakujua. Anayekuletea ni Rowena, mwenzangu kazini. Tafadhali usimfungulie mbwa kama unavyowafanyia watu wa kampuni.

Kazi yangu unaijua: natembea juu ya bomba la gesi lililofukiwa ardhini na fimbo mbili, waya wa shaba ukiburuzika nyuma. Bosi wetu Hoyt hunitania, ati, "Verlon, unapima bomba au unatembeza mbwa?" Kila hatua nalowesha udongo, naugusa kwa fimbo na kuandika nambari ya umeme. Ikipungua chini ya milivolti mia nane na hamsini, umeme unaolikinga bomba umelegea na kutu inakula chuma.

Jana Rowena alipita na kipimo cha sumaku, kile kinachofuata umeme ndani ya bomba. Akasema kwamba nyuma ya jiko lako umeme unamwagika ardhini ghafla. Lami iliyolifunika bomba imebanduka. Hoyt akafungua daftari langu la Aprili, akaona mia tisa kila hatua, akacheka. "Mashine yako imelewa, mama. Verlon keshapita hapo." Basi hawakuchimba.

Leo nimekwenda mwenyewe. Nimemwaga maji, na udongo ukatoa mapovu: gesi inavuja. Dada, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Sikupita pale Aprili. Niliona nguo zako kwenye kamba, nikakumbuka maneno makali uliyoniambia siku tulipomzika mama, nikahofia utatoka nje. Nikarudi garini, nikala mkate wangu wa mahindi, nikabuni nambari zote kichwani. Nimemwambia Hoyt. Amekimbilia valvu ya kufunga gesi, maili tisa kutoka hapa. Mimi nimebaki kuzuia magari barabarani.

Usiwashe jiko, wala taa, wala gari. Wachukue watoto, mfuateni Rowena kwa miguu kuelekea upepo unakotoka. Usikae kunijibu. Ondoka kwanza, ndipo unichukie.

Wape watoto salamu za mjomba wao.

Nduguyo,
Verlon