Jiko Ulilolifunika kwa Gunia

Homa Bay, Jumatano

Mama, komredi wangu wa kwanza,

Pokea salamu za mapambano. Nimefurahi kusikia kwamba mahindi ya Lambwe yamebeba vizuri na kwamba yule kuku mwekundu ameangua.

Lakini dada Nyatichi ananiambia umelifunika kwa gunia lile jiko la kuokoa kuni mlilogawiwa na mradi wa kaboni, umerudi kwenye mafiga, na kifua kinakubana tena. Alipokuuliza, ulimjibu, "Siwezi kupikia jiko la watu ambao Okari anawapinga."

Mama, hakuna mwanaharakati aliyewahi kupata mfuasi mwaminifu kama wewe. Ni kweli, serikali yetu imetia saini mkataba wa kaboni na nchi ya mbali: moshi usiotoka jikoni mwako unauzwa, na nchi ile inajihesabia kuwa imepunguza wake. Ninadai uulizwe kwanza, na fungu lako likufikie. Sikudai ukohoe. Kifua hicho kikikushinda, mapambano yatakuwa yamenipokonya yule niliyeyaanza kwa ajili yake.

Kwa hiyo natangaza mkutano wetu ujao: Jumapili, saa nne asubuhi, jikoni kwako. Ajenda ni chai, nayo ichemkie juu ya jiko lile.

Mwanao,
Okari